Muziki wa Tango Unapokatika

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, nami nimeiitikia kwa sauti hata mamako akacheka. Sote tu wazima, na shangazi yako amehamia Kibarani.

Waniuliza utaupigaje muziki wa tango kwa fidla mbele ya watu, nawe waogopa vile vituo vyake vya ghafla. Hata mimi niliviogopa. Miaka ya themanini, nikiwa msichana wa shule, mjomba alinifunza tango moja isiyo na maneno kwa kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua. Alasiri moja, kundi lake lilipoalikwa harusini Muyeye, mwimbaji wao alichelewa. Mjomba akanipa kodiani: "Piga. Ukiweza, utakuwa wa kundi letu."

Tango hutembea kwa kishindo, kama mtu ajuaye aendako, kisha hukatika. Ilipokatika, mama mmoja akapaza sauti, "Kinanda kimekwama!" Wakacheka. Kwa kuona haya nikaanza kuyajaza mapengo, na tango ikalegea kama wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Usijaze," mjomba akaninong'oneza. "Waache wangoje."

Nikaanza upya. Yule mama akaja akicheza, kikuba, kishada cha maua ya asumini, mkononi, anituze kama watuzwavyo waimbaji. Nikakata. Akaganda, mguu mmoja juu, watu wote kimya. Nilipopiga tena, mguu ukashuka pamoja na sauti, na vigelegele vikapasuka. Tangu siku hiyo nikawa wa kundi.

Basi ikikatika, mwanangu, nawe nyamaza bila haraka. Watakungoja. Mimi waliningoja.

Bibi yako,
Mwanaidi