Suruali Isiyo na Mifuko

Alhamisi, Kamembe.

Mvua imenyesha asubuhi kwa hasira, ikachoka yenyewe, na baadaye jua likatoka mpaka barabara ya Gihundwe ikaanza kutoa mvuke. Madereva wa pikipiki walibaki na makoti yao ya mvua mwilini mpaka adhuhuri. Hawaliamini jua. Mimi leo ninaamini kila kitu.

Kesho naondoka. Basi la asubuhi mpaka Kigali, kisha ndege, kisha kisiwa cha Morisi, ambacho kitakuwa nchi yangu ya nne ya kazi. Begi liko kitandani, mdomo wazi, na juu ya nguo zote kuna kitu ambacho jana sikuwa nacho. Nitakisimulia hapo mbele.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni krupie. Ni yule anayesimama nyuma ya meza ya kasino, anagawa karata, anazungusha gurudumu la ruleti, na kuwaambia watu basi pale wanapotaka kuendelea kuweka dau. Mwenyewe sichezi. Sijawahi kucheza na wala sina hamu hiyo, kama vile mwuza nyama anavyochoka kuitazama nyama. Watu wa kwetu wakisikia neno kasino wanaona moshi wa sigara na wanawake wa nguo fupi. Mimi naona hesabu za kichwani, mgongo ulionyooka na miguu inayowaka moto.

Na kazi hii naiweza.

Nasema hivyo bila kujificha, kwa sababu hii ni shajara yangu ya mtandaoni na ukurasa huu nalipia mwenyewe. Nilipovuka mpaka wa Ruhwa kwenda kujifunza kazi Bujumbura nilikuwa na begi la kuazima. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali asiyecheka, alitufunga macho kwa kitambaa akatuamuru tupange jetoni, vile vidude vya duara ambavyo watu huchezea badala ya noti, katika mafungu yaliyo sawasawa kwa kupapasa tu. Wenzangu wengine walilia. Mimi nilicheka, maana vidole vyangu vilikuwa vinajua tayari. Nimekua karibu na kopo la vifungo la baba yangu, fundi cherehani, na tangu utotoni ni mimi niliyekuwa nampangia vifungo vyake.

Kampala watu walinisalimia mpaka gurudumu likasimama: habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mvua. Nikajifunza kuitikia yote huku mkono haukosei. Lubumbashi wanaume wa migodini walikuwa wanazungumza na kile kijipira cha ruleti kwa Kifaransa, na kikiwakatalia wanakibembeleza kwa Kilingala. Nimetukanwa kwa lugha nyingi, na kwa lugha hizo hizo nimeahidiwa ndoa. Sikuyumba kwa matusi wala kwa ndoa.

Sasa niseme juu ya mikono, maana siku ya leo yote imesimama hapo.

Mkono wa krupie huwa hauachwi upumue. Kabla sijajikuna pua, kabla sijarekebisha kitambaa cha kichwa, kabla sijaondoka mezani, lazima nipige viganja mara moja, nivifungue, nivigeuze juu na chini. Kamera iliyo darini inaona kwamba sijachukua kitu. Ndiyo maana pia nguo zetu za kazi hazina mifuko. Ukiwa na mfuko una mahali pa kuficha, na ukiwa na mahali pa kuficha utaulizwa siku moja.

Jambo hili limeniingia mwilini. Hapa nyumbani nikimpa mtu sukari, napiga viganja na kuvigeuza. Nikimaliza kupakua wali, hivyo hivyo. Watoto wa dada yangu wanacheka mpaka wanaanguka, kisha wananiigiza kila wakinawa mikono.

Papa, baba yangu, hacheki. Papa akiniona nafanya hivyo, anageuza uso na kutazama ukutani.

Papa ni Mzee Sadiki. Kila mtu Kamembe anamjua: cherehani yake ya miguu iko kwenye baraza karibu na soko tangu sijazaliwa. Kanzu za Idi, sare za shule, magauni ya harusi ya Wakristo na Waislamu, vyote vimepita chini ya sindano yake. Hajawahi kunigombeza juu ya kasino. Hajawahi kusema haramu, ingawa najua anachoamini, na yeye anajua kwamba najua. Alinyamaza tu. Na kila nilipoondoka, aliniambia maneno mawili: "Haya, ufike."

Wenye wazazi wa Kiislamu mtanielewa. Mtoto akisafiri, mzazi hutamka radhi. Anakwambia nakupa radhi yangu, nenda, na wewe unakwenda ukiwa umefunikwa. Kaka yangu alipopata kazi Bugarama, hapo chini tu, alipewa radhi mbele ya majirani na kuku akachinjwa. Mimi nimevuka mipaka mitatu na "haya, ufike".

Nimekuwa nikijiambia kwamba hainiumi. Inaniuma sana. Maneno ya sokoni yananipita kama upepo, lakini neno moja ambalo baba hakulisema limesafiri nami kila mahali. Na safari hii nimemkuta macho yake yameingia ukungu. Uzi anautafuta kwa kidole, hauoni tena. Nikaogopa. Niliogopa kwamba nitaondoka hivi, na siku moja nitapigiwa simu nikiwa mbali, na radhi itakuwa imebaki huku huku bila kutamkwa.

Basi. Tatizo lilianza na suruali.

Mabosi wapya wa Morisi walituma ujumbe: suruali nyeusi mbili, zisiwe na mfuko wowote, hata uliofungwa kwa uzi. Moja ninayo kutoka Lubumbashi. Ya pili haikuwepo, na madukani hakuna suruali isiyo na mifuko. Nikanunua kitambaa kizuri cheusi. Kwa Papa sikutaka kwenda. Nilijiambia nisiiingize mikono yake kwenye kazi ambayo haitaki. Jana nikazunguka nyuma ya soko kwa fundi mwingine, kijana mwenye sifa nzuri.

Alikipapasa kitambaa, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Dada, mi siwezi," akasema. "Mzee njo alinifundisha kazi. Akisikia nilikushonea patalo, nitamuangalia na macho gani?"

Nikaenda kwa wa pili. Naye alijifunza kwa Papa. Wa tatu hakusubiri hata nifungue mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimesahau mji wangu. Katika Kamembe yote hakuna fundi atakayemshonea mtoto wa Mzee Sadiki wakati Mzee Sadiki bado anakanyaga cherehani. Nimewashinda wacheza karata wa nchi tatu, nikashindwa na mafundi wa mtaa mmoja.

Aliyeniona nikihangaika soko zima alikuwa, bila shaka, Maman Mapendo. Yeye anatoka Bukavu, anavuka karibu kila siku na vitenge vyake, na benchi lake liko ubavuni mwa cherehani ya Papa. "Aziza," akanipigia kelele mbele ya watu, "unazungusha kitambaa kama muntu anatafuta hospitali, na papa yako iko pale!"

Kwa hiyo leo, mvua ilipokatika, nilikwenda barazani. Nikamwambia Papa ni suruali ya kazi, na isiwe na mifuko. Akanipima kwa futi yake iliyofutika namba, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Akaniambia nirudi baada ya swala ya adhuhuri.

Niliporudi ilikuwa tayari, imepigwa pasi, imening'inia. Suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, nasema kweli. Mshono umelala kama umechorwa. Nikaingiza mikono pembeni, na mikono ikazama.

Mifuko miwili. Mirefu, yenye bitana.

Nikaivuta nje yote miwili. Maman Mapendo ndiye aliyesema. "Fundi, mutoto alikuambia bila poshi. Mi nilisikia na masikio yangu."

"Patalo bila poshi!" Papa akajibu bila kuinua kichwa. "Batasema Mzee Sadiki aliiba kitambaa."

Nikacheka, Maman Mapendo akacheka. Papa hakucheka. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akanitazama, au akatazama mahali sauti yangu ilipokuwa, na akaniuliza polepole kitu ambacho hakuwahi kuniuliza tangu nianze kazi hii.

"Maman, bale bantu ba kule kazini banakuonaka mwizi? Kila siku?"

Ananiita Maman kwa sababu nina jina la mama yake. Nilikuwa nadhani ninajua ukimya wake una nini ndani. Haramu imo, hiyo haitoki. Lakini pembeni yake kulikuwa na aibu nyingine ambayo sikuiwazia hata siku moja. Kila nilipogeuza viganja jikoni, baba yangu aliona mtoto wake akipekuliwa.

Nikavuta kigoda, nikachukua kopo lake la vifungo. Nikavimwaga juu ya meza ya cherehani, nikavipanga kwa vidole tu huku nikimtazama yeye, mafungu sawasawa, nikamsukumia fungu moja Maman Mapendo kana kwamba ameshinda. Kisha nikapiga viganja, nikavigeuza juu na chini. Nikamshika Papa mikono na kuiweka juu ya viganja vyangu, ahakikishe mwenyewe.

Nikamwambia: "Papa, ile meza ikipungukiwa, bote batasingiziwa, mi apana. Haiko eti bananishuku. Mi njo ninabaonyesha mikono. Hakuna muntu anaweza kusema mutoto ya Mzee Sadiki alichukua kitu."

Vidole vyake vilipita juu ya mafungu ya vifungo, fungu moja baada ya jingine, akiyapima urefu. Yalikuwa sawa. Nilijua yatakuwa sawa, lakini nilisubiri kama siku ya mtihani.

Kisha akanyoosha mkono. "Leta wembe."

Akaifumua mifuko yake mwenyewe. Mmoja, wa pili. Fundi asiyewahi kutoa suruali ya namna hiyo mbele ya watu, anafumua bitana yake safi kwa wembe, taratibu, asiguse kitambaa. Alipofika kwenye kufunga mshono alinipa sindano na uzi. Nikamtungia. Akashona ubavu mzima kwa mkono, hakutaka cherehani, na Maman Mapendo akawafukuza wateja wawili akiwaambia Mzee ana kazi ya ng'ambo.

Akapiga pasi upya. Akaikunja. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ile kazi sipendi," akasema. "Na sitapenda. Lakini weye, Maman, nakupa radhi yangu. Yote. Enda."

Papo hapo, kabla sijafungua mdomo, akapiga viganja vyake mara moja. Akavifungua mbele yangu. Akavigeuza juu, akavigeuza chini, polepole, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Viganja vyenye alama za sindano, vitupu kabisa. Hakubakiza kitu.

Maman Mapendo alicheka huku anajifuta macho kwa kitenge cha kuuzwa. Mimi nililia tu, pale barazani, mchana kweupe, krupie wa nchi tatu.

Sasa jua linashuka upande wa Bukavu na dada yangu ananiita nikale. Papa yuko uani anawafundisha watoto namna ya kugeuza viganja, na anawafundisha vibaya. Nitakwenda kumsahihisha.

Suruali iko juu ya begi. Wiki ijayo nitaivaa, nitasimama kwenye meza mpya mbele ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kamembe. Nitagawa bila kukosea, kama kawaida yangu. Na nikimaliza nitapiga viganja, nitavifungua, nitavigeuza juu na chini, taratibu kuliko wote.

Wao watadhani ninaionyesha kamera.