Kikao cha Dharura Kuhusu Wageni Wanaochungulia Tovuti na Kuondoka

CHAMA CHA MAFUNDI WA MIKONO
KAMATI YA TOVUTI

Kumbukumbu za kikao cha saba, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 katika karakana ya Mwenyekiti. Kilipangwa kuanza saa 4:00 asubuhi. Kilianza saa 4:19.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (seremala)
2. Mweka Hazina (fundi viatu)
3. Mhariri wa Tovuti, Bi Cherehani (mshonaji mstaafu)
4. Mjumbe, fundi bomba, aitwaye Koki
5. Mtaalamu wa Tovuti, ambaye ni mke wa mtoto wa Mwenyekiti (mwalikwa)
6. Katibu (fundi saa), aliyeandika kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti (fundi rangi). Alituma ujumbe kwamba yu hoi kitandani. Koki alieleza kwamba asubuhi hiyo alimwona juu ya ngazi akipaka rangi ukuta wa watu, na wakapungiana mikono.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Katibu ameziandika shukrani hizo kama zilivyotolewa. Wajumbe walikaa juu ya mbao, isipokuwa Bi Cherehani, aliyepewa kiti pekee kilichokwisha kuundwa. Mwenyekiti alitahadharisha kwamba gundi ya kiti hicho haijakauka. Bi Cherehani alisema ameshakaa.

KUMB. NA. 2/7: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa na kuthibitishwa, baada ya Koki kutaka palipoandikwa "alifoka" pasomeke "alieleza". Marekebisho yalifanyika. Koki alieleza kwamba yalikuwa yamechukua muda mrefu mno.

KUMB. NA. 3/7: HALI YA TOVUTI
Mwenyekiti alieleza kwamba tovuti ya chama, inayofundisha watu kutengeneza vitu vyao wenyewe nyumbani, hutembelewa mara mia moja hivi kwa siku. Katika mara hizo mia, themanini na nne mgeni hufungua ukurasa mmoja tu, huchungulia, kisha huyo, ameondoka. Mkutano Mkuu umetoa agizo: ikifika mwisho wa mwezi wanaoondoka hivyo hawajashuka chini ya nusu, tovuti ifungwe.

Bi Cherehani, ambaye ndiye mwandishi wa kurasa zote za ushonaji, aliomba nafasi ya kusema. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyatamka: "Mikono inatetemeka, sindano siishiki tena. Pale ndipo mahali pekee ninapofundisha. Mkipafunga, mimi nitaamka asubuhi kwenda wapi? Naogopa, jamani. Nasema kweli."

Katibu naye aliona uchungu, na anaomba radhi kwa nukta ya wino iliyoanguka hapa.

KUMB. NA. 4/7: MAPENDEKEZO YA KUWAZUIA WAGENI WASIONDOKE
Mweka Hazina alipendekeza kwamba jibu lifichwe mbali ili mgeni alitafute. Alieleza kwamba tayari ameigawa makala yake ya kubandika soli katika kurasa tisa, na ukurasa wa sita hauna kitu ila maneno "Usichoke, endelea". Koki alimwuliza: "Mtu kiatu kimeachama, yuko mguu mmoja, wewe unamzungusha kurasa tisa?" Mweka Hazina alijibu kwamba mwenye haraka aende kwa fundi. Koki akauliza basi tovuti ni ya nini.

Koki alipendekeza iondolewe picha kubwa ya "Viongozi Wetu" iliyojaa ukurasa wa mbele. Alieleza kwamba mtu ambaye bomba limempasukia hana shida ya kumwona Mwenyekiti akiwa amevaa koti. Mwenyekiti alipinga vikali, akisema wageni wana haki ya kumjua anayewafundisha. Mweka Hazina alikumbusha kwamba koti lenyewe ni la kwake, liliazimwa kwa siku moja, na huu ni mwezi wa tano. Mwenyekiti alisema suala la koti halimo katika ajenda.

KUMB. NA. 5/7: TAARIFA YA MTAALAMU
Mtaalamu aliombwa aeleze wageni hao ni watu gani. Aliomba kwanza Baba atoke nje kidogo. Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Mtaalamu alisema apate hewa. Mwenyekiti alisema hewa ya karakana inamtosha tangu ujana wake.

Mtaalamu alitoa taarifa yake akiwa ameinamia maranda ya mbao yaliyomwagika sakafuni. Alieleza kwamba katika zile mara themanini na nne, mara sabini huwa ni wajumbe wa kamati. Kwa kuwa wajumbe wote huingia kwa vyeo vyao, mashine huwahesabu mmoja mmoja. Hufungua ukurasa wa mbele, huikuza picha ya "Viongozi Wetu", huitazama, na kuondoka.

Mweka Hazina alicheka sana na kutaka atajwe anayeongoza. Mtaalamu alisema heshima inamzuia. Mweka Hazina aliuliza kama mtu huyo anaishi mbali. Mtaalamu alisema si mbali. Mweka Hazina aliuliza ni umbali gani. Mtaalamu alisema, "Kama kutoka hapa mpaka kwenye msumeno ule." Aliyekuwa ameshika msumeno alikuwa Mwenyekiti. Aliuweka chini polepole, kazi iliyochukua dakika moja na sekunde arobaini, kwa kipimo cha Katibu.

Ndipo Mwenyekiti alipomwambia, "Mwanangu, soma tu." Ikasomwa: Mwenyekiti, mara ishirini na moja kwa siku, ya kwanza kabla ya kunawa uso. Mweka Hazina, kumi na saba. Mweka Hazina aliacha kucheka, akaeleza kwamba yeye hukagua hali ya koti lake. Makamu, kumi na nne, zikiwemo mbili za asubuhi ya leo, huenda ni akiwa ngazini. Koki, kumi na mbili. Koki alieleza kwamba huingia ili kuhakikisha bado inamchukiza. Katibu, sita. Katibu anaomba ieleweke kwamba yeye hutazama saa iliyo kwenye kona ya ukurasa, kwa kuwa inachelewa dakika mbili.

Mtaalamu aliendelea kwamba wajumbe wakiondolewa katika hesabu, wageni wa kweli ni thelathini. Kati yao wanaoondoka mapema ni kumi na wanne tu, chini ya nusu. Waliobaki kumi na sita hutulia, na kumi na mmoja hutulia kwa Bi Cherehani: wanaingia kwenye zipu, wanakwenda kwenye kola, wanarudi kwenye zipu. Wapo wanaokaa saa nzima.

Bi Cherehani aliuliza, "Kumi na mmoja? Kila siku?" Mtaalamu alisema kila siku, mama. Bi Cherehani alijifuta macho kwa upindo wa kanga yake na kuomba watu wasimtazame.

KUMB. NA. 6/7: NINI KIAMBIWE MKUTANO MKUU
Furaha ilidumu mpaka Mweka Hazina alipouliza nani atasimama mbele ya mafundi wote kueleza wale sabini walikuwa akina nani. Alipendekeza isemwe kwamba kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Mtaalamu alisema hatatia sahihi uongo, Baba amsamehe. Koki alieleza, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba aibu ya wanaume wanne na Katibu haiwezi kuwa kubwa kuliko kazi ya mama huyu.

Mwenyekiti alisema amekiongoza chama miaka kumi na miwili bila kuchekwa, na anavyowajua mafundi, watamwita "Picha" mpaka azikwe. Bi Cherehani alisema hataki mtu aaibike kwa ajili yake, akanyanyuka aondoke, na kiti kikanyanyuka naye. Mwenyekiti alimshika mkono asianguke. Walisimama hivyo kwa muda. Katibu aliona kwamba mikono ya Bi Cherehani ilikuwa ikitetemeka kweli, na Mwenyekiti naye aliona.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu aandike barua itokayo kwake Mwenyekiti kwenda Mkutano Mkuu, nayo ni hii:

"Ndugu mafundi, tovuti haina ugonjwa. Wagonjwa ni sisi. Mimi peke yangu nilikuwa nikiingia mara ishirini na moja kwa siku kujitazama. Wageni wa kweli ni thelathini, na wengi wa wanaotulia wanamfuata Bi Cherehani. Mkitaka kumfungia mtu mlango, nifungieni mimi."

Katibu aliuliza kama iandikwe "mara kadhaa". Mwenyekiti alisema: "Andika ishirini na moja. Usipunguze hata moja."

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba barua isomwe na Mwenyekiti mwenyewe, na picha iondolewe papo hapo.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO
Mtaalamu aliondoa picha saa 6:31 mchana. Kufikia saa 6:34 wajumbe wanne walikuwa wamefungua tovuti kuthibitisha kwamba haipo. Bi Cherehani hakuwa miongoni mwao. Kuna mgeni aliyekuwa amemwuliza kwa nini kola yake inapinda upande mmoja, naye alikuwa akimjibu, herufi moja moja, kwa kidole cha shahada, na wajumbe walikaa wakimsubiri amalize.

Alimaliza saa 6:52, na kikao kikaishia hapo.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu