Ekseli Pana ya Gari la Kwenda Wamaza

Kasongo, Jumapili baada ya misa

Kwako mke wangu, Mama Tereza,

Nakusalimu wewe, namsalimu Tereza wetu, namsalimu na mwalimu wa kijiji anayekusomea karatasi hii. Mwalimu, nakuomba usome polepole, maana leo sina habari za kuchekesha. Unaamkaje siku hizi, mke wangu? Miguu ingali inavimba jioni? Mtoto anacheza tumboni? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na macho yamejaa moshi wa kulehemu. Nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Najua unachongoja. Nilikuahidi kwamba kabla ya mvua kuanza nitafika Wamaza na gari la tajiri wetu, nikulete hospitali ya hapa. Siku ya kuzaliwa Tereza ulitaka kutufia mikononi, na sista mkunga alisema mtoto wa pili asizaliwe kijijini. Ahadi hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo.

Tajiri wetu, yule Mgiriki mwenye duka na garaji, anataka gari la kupita njia ya Wamaza hata katika matope, likachukue mchele na mawese. Tunalijenga kwa mabaki ya magari mengine. Mwili na mashine vilitoka kwenye kamioni ndogo iliyopinduka. Iliyokosekana ni ekseli ya mbele, kile chuma kinachoshika magurudumu mawili ya mbele, na lazima iwe ya kuvuta, ili magurudumu yote manne yafanye kazi. Nyuma ya garaji ziko mbili, zote za magari ya askari ya wakati wa vita. Moja ni ndogo, upana wake unafaa kabisa. Nyingine ni ya kamioni, nene kama paja la mtu, lakini ni pana mno. Saidi aliitaka hiyo kubwa, kwa sababu ya uzito wa mizigo.

Ubaya wa upana ni madaraja. Unayajua: magogo ya kupitia gurudumu la kushoto, magogo ya kupitia la kulia, na katikati ni maji tu. Mimi na Fundi Saidi, mkubwa wa mafundi wetu, tulikata mwanzi wenye kipimo cha ekseli kubwa tukaenda nao kwa baiskeli. Daraja la kwanza tu, ncha ya mwanzi ikatokeza nje ya magogo. Saidi akamwita kapita wa barabara, msimamizi wa vibarua wa madaraja.

"Kapita, sogeza miti kidogo tu."

"Miti haisogezwi, fundi. Bwana wa Serikali alitupatia fimbo ya kupimia, na sisi tunapima na ile fimbo. Nikisogeza, atanifunga mimi, hatafunga gari yako."

"Basi tutakata gari."

"Kateni. Gari iko yenu, daraja iko ya Serikali."

Tukarudi. Usifikiri kupunguza ekseli ni kazi ya msumeno tu. Ndani ya bomba lake mna vyuma viwili vya kuzungusha magurudumu, kimoja kirefu, kimoja kifupi, kwa sababu kichwa chenye meno kinachovizungusha hakikai katikati. Ukikata bomba, chuma cha ndani nacho lazima kifupishwe na meno ya ncha yake yachongwe upya, na hapa hakuna mashine ya kuchonga. Saidi akasema tukipata chuma kifupi cha pili, cha gari la namna ileile, tutakata upande mrefu peke yake hadi ulingane na mfupi. Mimi, kwa kuwa ndimi karani wa stoo, nikatumwa Kabambare, ambako kamioni kama hiyo imeoza miaka mingi kwenye majani. Nilikwenda kwa baiskeli, nikarudi nimekifunga chuma kile nyuma ya kiti. Matairi yalipasuka njiani mpaka nikayajaza majani makavu. Lakini kilikuwa kizima, hakina kutu. Nilifurahi kama mtu aliyekwisha kukupakia garini.

Tulikata. Tukalehemu. Ekseli ilipopoa tukainyoshea kamba, tukaona bomba limepinda. Moto ulikuwa umelivuta upande mmoja. Gari lenye ekseli ya namna hiyo litakula matairi na kuvuta kwenda porini. Kulikuwa hakuna njia ila kukata tena na kulehemu tena kidogo kidogo, na chupa ya gesi ilikuwa imekwisha. Nyingine inakuja kwa treni, na treni haijui kwamba una mimba.

Nilimweleza tajiri shida yetu. Ana moyo wake, yule mtu, hata kama anapiga kelele. Akanisimamisha mbele ya zile ekseli mbili.

"Karani, muke iko yako. Ukitaka, Saidi anafunga ile kidogo, kesho kutwa unaenda. Ukitaka ile kubwa, ngoja gesi. Chagua weye."

Nikasema haraka, "Ile ndogo, Bwana."

Hapo Saidi akaingia kati. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ekseli ndogo, akapangusa mafuta kwa kitambaa pale gurudumu linapogeukia. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Itashika safari moja, kaka," nikamwambia. "Safari moja tu."

"Kwenda itashika. Kurudi sijui."

"Unaniogopesha bure."

"Mimi niko na wake wawili, karani, na hata yule ananitukana kila siku sitamupandisha juu ya hii."

Watu wa garaji walicheka. Mimi sikuweza. Kwenda ningekuwa peke yangu, mke wangu, na kurudi ndipo wewe ungekuwa garini. Nikachagua ile kubwa. Niliandika hivyo katika daftari langu la siku, mstari mmoja, nikalala bila kula.

Kwa hiyo gari halitakuja kabla ya mvua. Usilingoje. Waambie kaka zako wafunge tipoyi, kiti cha kubebea mabegani, wawaite na binamu zao ili wapokezane, na mtoke mara tu karatasi hii ikisomwa, maji ya mito yakiwa bado chini. Mama mkwe, nasikia watu walipotaja tipoyi ulimwambia mchuuzi wa chumvi, "Mutoto wangu hapandi tipoyi, tipoyi ni ya Bwana Mkubwa na ya mutu wa kufa. Si alisema gari?" Ni kweli, nilisema. Unitukane nikifika, nitainamisha kichwa, lakini mpandishe. Tajiri amenipa ruhusa. Nitakuja na baiskeli kuwapokea njiani, na kutoka hapo nitabeba na mimi.

Nisalimie baba mkwe, umwambie dawa yake ya kifua nimeinunua. Nisalimie dada yangu anayekutekea maji, na mama yangu, aliyemfundisha mjukuu wake Tereza kusuka mikeka. Mwalimu, asante kwa sauti yako.

Mama Tereza, mkiwa njiani mkasikia gari linanguruma mbele yenu, msisimame. Si letu. Endeleeni kuja.

Mimi mume wako,
Filipo