Swali Lililomtoa Hamisi Jasho

Katy, ughaibuni, Jumanne usiku

Kumbe mtu husomewa maswali yote kabla ya kufungwa mashine. Mwanangu Hamisi amerudi jioni kutoka kwenye kipimo cha uongo, ambacho bila kukifaulu polisi hawatamwajiri. Nilikuwa nimempikia uji kama mgonjwa.

Anasema mpimaji alikuwa mpole. Alimfunga mikanda kifuani, kipimo cha presha mkononi na vidude vidoleni. "Unajibu yes au no tu, Mama. Uki-move, mnaanza upya."

"Ukisogea," nikamsahihisha. Hata leo sikuweza kunyamaza.

Matokeo bado. Swali moja lilimtoa jasho: je, amewahi kumdanganya mtu anayemwamini? Ikabidi ajieleze.

"Ulimwambia nini?"

Akaangalia bakuli. "Kwamba nilikwambia Mama Mkubwa amelazwa."

Mama Mkubwa ni dada yangu wa Tanga. Tangu Ijumaa naambiwa amelazwa, anaendelea vizuri, simu yake imeharibika. Kwetu mtu aliye mbali hapigiwi simu ya msiba ghafla. Marehemu huuguzwa kwanza kwa maneno. Mimi mwenyewe nimewauguzia wengine marehemu wao. Nilipaswa kujua.

"Amezikwa lini?"

"Jumamosi. Pole, Mama. They told me..."

"Sema Kiswahili."

Naogopa atakosa kazi kwa ajili yangu. Nimechoka, hata kulia sijaweza.

Alinieleza yote kwa Kiswahili, taratibu, mpaka mwisho. Sikupata neno la kusahihisha.