Bahari Imefika Chumbani kwa Mama

Pangani, Tanga
14 Aprili 2025

Mpendwa kaka Shaib,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo huko Maskati? Kifua kimepona? Sisi wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila mioyo haina raha, na leo sikufichi kitu. Barua hii nimempa Yakoub anayesafiri kesho kuja huko, maana kila nikishika simu mama yuko pembeni yangu.

Ile minazi aliyoipanda baba mbele ya nyumba imekwisha. Bahari imeichimba mizizi, mmoja mmoja, mpaka yote ikalala. Kisima nacho kimeingia chumvi; hata chai haiteremki.

Mwezi uliopita walikuja wataalamu wa serikali kutusomea mkakati wa nchi wa muda mrefu wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ni mpango mzuri, kaka, nisiwasingizie. Kuna kuta za kuzuia bahari, kuna mikoko ya kupandwa, kuna visima virefu, mambo yanakwenda mpaka mwaka 2050. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Na huku kwetu ukuta unafika lini?"

Dada aliyekuwa akisoma akapekua karatasi, kisha akanitazama kwa huruma. "Ninyi mmo awamu ya tatu, dada yangu. Fedha zake bado zinatafutwa. Kwa sasa tunawashauri mhame."

Nikakaa.

Juzi alfajiri bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likaja pamoja na mvua, maji yakabomoa ukuta wa chumba cha mama. Nilimkuta kitandani, miguu imo majini, amekumbatia msahafu. Mume wangu Rama alitaka kumbeba. Mama akaung'ang'ania mwimo wa mlango, analia kama mtoto, "Niacheni!" Maji yalipotoka akarudi humo humo, akatandika mkeka juu ya matope.

Mama mdogo Tabia ametupa vyumba viwili kwake Makorora, Tanga mjini. Vyombo nimeshafunga. Mama hataki. Nilimpigia magoti, nikamuuliza kinachomzuia ni nini.

Akasema, "Shaib aliondoka akaniacha hapa. Akirudi atanikuta wapi?"

Kaka, hakuna anayemweza isipokuwa wewe. Ukipiga simu anakwambia hajambo, huku ananikonyeza ninyamaze. Bamvua jingine litakuja mwezi ukiandama, na kuta zilizobaki hazitastahimili. Nimechoka, nami naogopa. Usimweleze habari za serikali wala za bahari. Mwambie tu kwamba Makorora unapajua, na kwamba utamfuata huko huko. Na kama ni uongo, kaka, sema hivyo hivyo.

Msalimie wifi Khairiya na watoto. Rama anakusalimu, na shangazi Kijakazi anakuombea kila swala. Mola akuhifadhi ugenini, atukutanishe sote, mama akiwa hai.

Mdogo wako akupendaye,
Rahila