Mimi Sigeuki Fisi: Kwa Wajina Wangu, Juu ya Mchezo Wake wa Ngozi Tano

Mpendwa mjukuu na wajina wangu Nyambura,

Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka. Yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia hupatikani, na hata haya hana. Nairobi si mwezini. Kwa hivyo nimeamua kukuandikia hapa mbele ya watu wote, na usiniambie nimekuaibisha. Shamim wa cyber, yule wa kompyuta za kulipia mjini, ameniambia watu kutoka kila mahali wanaandika maoni yao juu ya mchezo wako kwenye ule ukurasa wa intaneti, na wengine hata hawajaumaliza. Nikamwambia, kama hao wanaandika, mimi niliyeucheza kabla yao nitanyamaza kwa nini? Nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za ngumbaru, lile darasa la watu wazima, kubwa kama viazi. Shamim ataipiga chapa. Nimemkataza kunirekebisha.

Nianze na shukrani, kwa maana kugombana nawe kuko njiani.

Januari ile ya vita vya uchaguzi nilipofika kwa baba yako, mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, nilishuka kwenye lori na blanketi na sufuria isiyo na kifuniko. Nyumba yangu ya Elburgon niliiacha inawaka. Watu wote walinihurumia kwa ajili ya nyumba, na mimi nilikuwa nalilia kifuniko. Nilikaa kwenye kitanda chako nikaangalia ukuta. Baba yako akaleta uji, akaleta mchungaji, akaleta hata soda. Sikusema na mtu. Wewe ndiye uliyekuja ukasimama hapo na suruali yako iliyochanika magotini ukaniambia, "Shosho, umekalia waya zangu. Kama ni kuangalia kitu, angalia hapa." Ukanigeuza kama gunia, ukaniweka mbele ya kompyuta.

Hukuniuliza najisikiaje. Asante kwa hilo. Kila mtu alikuwa ananiuliza hilo, na hakuna aliyetaka kungoja jibu.

Kwa wale wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Kuna msichana aliyefukuzwa kwao na anataka kurudi. Kijiji kiko upande huu, lakini kati yake na nyumbani kwa mama yake kuna msitu, na msitu umejaa mazimwi. Amepewa ngozi tano: ya sungura, ya tai, ya nyati, ya kinyonga na ya fisi. Akivaa ngozi anageuka yule mnyama na kupigana kama yeye. Akiivua anakuwa mtu tena. Huyu mtoto aliutengeneza peke yake, kwenye kompyuta aliyoiunganisha kwa vipande vya mitumba, na kibodi yenyewe haikuwa na herufi ya R. Ilikuwa shimo tu. Alikuwa anaichokoa na njiti ya kiberiti.

Uliniambia uliyatoa hayo yote kwenye hadithi nilizokusimulia tukimenya viazi. Sawa. Lakini lini nilikuambia kinyonga anakimbia? Kinyonga wako anatoka mbio kama mtu aliyeona basi linaondoka. Na tai wako! Umeweka kutua na kushambulia kwenye kibonye kimoja, kwa hivyo kila nikitaka kumpumzisha juu ya mti anauchapa ule mti na kuangukia ziwani. Nimezama kwa sababu yako kuliko flamingo wote wa Nakuru. Muziki nao ni ule ule kuanzia asubuhi, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kama mtu anagonga mabati na kijiko. Nilikuambia ukasema, "Hiyo ni beat, Shosho." Hiyo si beat, hayo ni maumivu ya kichwa. Na stima ikipotea kabla hujafika kwenye mto, basi unaanza upya, kana kwamba unakaa nchi ambayo stima haipotei.

Lakini nyati nampa mkono. Nyati ni mzito, ukimgeuza unasikia uzito wake mpaka kwenye vidole. Siku ya kwanza niliyoinamisha kichwa nikabomoa ukuta wa mazimwi, mawe yakaruka huku na huku, nilipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja mbio kuuliza kama kuna mtu amekufa.

"Hapana," ukamwambia, "ni Shosho ameua."

Siku hiyo nilikula ugali nikamaliza. Wale wanaosema wazee hawapendi vita vya kompyuta hawajawahi kunyang'anywa kitu.

Na ile sheria yako ya kusahauliwa, hapo ulitumia akili uliyopewa. Kila msichana akivaa ngozi na kuivua, mtu mmoja kule kijijini anamsahau. Unarudi kumsalimia yule muuza maziwa aliyekuwa anakuita binti yangu, naye anakuuliza, "Wewe ni nani?" Kisha anaendelea na maziwa yake. Hakuna kilio, hakuna maelezo. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliondoa mikono kwenye kibodi. Kutoka hapo nilizivaa zile ngozi kwa uchoyo, kama mtu anayetumia chumvi ya mwisho ndani ya nyumba.

Ndipo tukafika kwenye lango.

Unakumbuka lango. Nyumbani kwa msichana ni pale ng'ambo, unaona mpaka moshi wa jikoni kwa mama yake. Lango linalindwa na fisi, na halimfungukii mtu yeyote ila fisi mwenzao. Na ngozi ya fisi bei yake si mtu mmoja. Ukiivaa hiyo, kijiji kizima kinakusahau.

"Vaa fisi, Shosho."

"Sivai."

"Lazima. Hakuna njia ingine."

"Basi nitakaa hapa."

"Shosho, ni game tu!"

"Kama ni game tu, mbona unapiga kelele?"

Ukaninyang'anya kibodi. Ukamvalisha msichana ngozi ya fisi, ukapita langoni kama upepo, ukafika kwao, ukamvua. Mama yake akatoka nje na mwiko mkononi. Akamwangalia. Akasema, "Wewe ni nani?" Akafunga mlango. Na juu yake kukatokea maandishi makubwa ya manjano: UMESHINDA.

Nikakuuliza, "Ameshinda nani?"

"Huyo msichana."

"Msichana gani? Hata mama yake hamjui."

"Ai, Shosho! Hii ni action. Watu wanataka kupigana, hawataki kuhubiriwa!"

Ukatoka ukienda kununua mafuta ya taa, na ulichukua muda wa mtu aliyeenda kuyachimba. Mimi nikabaki na yale maandishi ya manjano. Sikuwa nakutesa, mtoto wangu. Fisi kwetu ni mnyama wa kufukua makaburi. Na mwezi ule nilikuwa nimewaona watu ninaowajua kwa majina, wa kwetu na wa kwao, wakigeuka fisi bila kufinya kibonye chochote. Singegeuka mimi, hata kwa mchezo, hata kama nyumbani ni hapo mbele.

Uliporudi uliweka kile kibuyu cha mafuta chini, hukuniangalia, ukasema, "Haya. Wewe ungepita aje?"

"Kama mtu. Ningetembea nikisalimia."

"Watakupiga mawe."

"Basi watanipiga mawe nikisalimia."

Ukacheka kupitia puani, ile namna yako ya dharau. Lakini ukakaa chini, ukaanza kuandika. Kwa siku nyingi ulikuwa unaandika tu, na hukuoga, hilo pia nalikumbuka. Ulipomaliza uliniita, na kulikuwa na njia ambayo haikuwepo.

Njia yenyewe inatisha, na sina haya kusema. Msichana anavua ngozi zote, anaziacha chini ya mti. Anatembea kwenda langoni na mikono mitupu. Wanamrushia mawe. Hawezi kupigana. Akikimbia anaanguka. Kitu pekee anachoweza kufanya ni kumwita kila mlinzi kwa jina lake la utu, maana hao fisi walikuwa watu wa kijijini kabla ya kugeuka, na majina yao yalitajwa mwanzoni kabisa, wakati kila mchezaji ana haraka ya kwenda kupigana. Mama anamtaja mwanawe, fundi anamtaja nduguye. Kama hukusikiliza, shauri yako. Ukimwita kwa jina lake, ngozi inamtoka, anasimama pale ameduwaa kama mtu aliyeamshwa kwenye basi. Mimi nilisikiliza. Niliwaita mmoja mmoja, alasiri nzima, chai ikapoa hapo kando. Mlinzi wa mwisho anauliza, "Na wewe ni nani?" Na msichana anajibu, "Nyambura."

Hukuwa umeniambia hivyo ndivyo anavyoitwa. Nilijifanya nimeingiwa na moshi wa stovu.

Hata sasa sijui kama ulijua unachokifanya. Baada ya hapo nilimwambia baba yako nataka kwenda Elburgon kuona shamba. Akasema ngoja nitafute lori na vijana wa kutosha. Nikamwambia, "Nikienda na lori la vijana, nitakuwa nimeenda kama nani? Nitaenda na miguu yangu na kitambaa changu cha kichwa." Ulisimama ukachukua sweta. Tulishuka barabarani tukapanda ile njia ya kiwanda cha mbao, kulikuwa na ukungu na baridi ya msitu wa Mau, na misumeno ilikuwa imenyamaza. Nilisimama mara tatu kufunga upya kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea. Ulifikiri ni upepo, au ulinistahi. Asante kwa lolote kati ya hayo.

Mama Chebet, jirani yangu wa miaka na miaka, alikuwa kwenye ua wake. Ua wake ulikuwa mzima. Wangu ulikuwa majivu.

"Ni nani huyo?" akauliza, na jembe akaliinua kidogo.

"Ni mimi, Mama Chebet. Nyambura wa viazi."

Akanyosha shingo kuangalia. Nilisikia pumzi yako nyuma yangu.

"Na huyo mwingine?"

"Pia ni Nyambura."

"Wawili?" akasema. "Mmoja alikuwa ananitosha kwa kelele."

Akashusha jembe. Akatuambia, "Viazi vyako nimekula. Vilikuwa vinaoza."

"Vilikuwa vitamu?"

"Vilikuwa na maji."

"Basi ulichimba mapema, mjinga wewe."

Ndipo nikaona kifuniko changu juu ya mtungi wake wa maji. Akaona nimekiona. "Nilikuwa nakutunzia," akasema. "Kwa kukitumia?" nikamuuliza. Alikisugua na aproni yake kabla ya kunipa, ingawa kilikuwa safi.

Siandiki haya ili watu wadhani yameisha. Sijamuuliza wa kwao walikuwa wapi siku ile, na yeye hajaniuliza wa kwetu walikuwa wapi. Iko siku tutaulizana. Lakini nina chumba cha mabanzi ya mbao kwenye shamba langu, viazi viko ardhini, na sufuria yangu imefunikwa. Wengi walinipa mahindi na blanketi, Mungu awabariki. Wewe ulinipa njia ya kurudi kwangu, ukiwa umevaa suruali iliyochanika. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda chako nikingoja kufa, na wewe ukataka niondoke kwenye waya zako. Asante, wajina. Sijawahi kukuambia, kwa sababu ungeringa.

Sasa tugombane.

Nilikuja Nakuru kupimwa presha, nikapita kwa Shamim, akanisomea ulichoandika kwenye ule ukurasa. Eti wachezaji wanalalamika. Eti ile njia ya miguu ni ndefu na inachosha, mtu anataka kupita kama fisi amalize. Na wewe ukawajibu kwamba kwenye mchezo mpya utaiondoa.

Nyambura. Kinyonga yule wa mbio hujamrekebisha. Tai bado anazama. Ule muziki bado unagonga mabati. Katika kasoro zote hizo, kitu unachotaka kuondoa ni kile kimoja kisicho na kasoro? Ni kweli inachosha. Ilinichosha mimi kwenye kompyuta na ikanichosha zaidi Elburgon. Anayetaka kupita kama fisi, lango lake si lipo? Apite, asome yale maandishi yake ya manjano. Hakuna anayemlazimisha kutembea. Lakini usimfungie anayetaka.

Na kuna jambo jingine ambalo hulijui, kwa sababu hushiki simu. Mama Chebet anaucheza. Nilimleta kwa Shamim siku ya soko ili nimwonyeshe nyati, nikiwa nataka kuringa tu, na sasa kila tukileta viazi mjini lazima apite hapo. Anacheza vibaya sana. Anapigana na kila kitu, hata miti. Alipofika kwenye lango Shamim alimwonyesha ngozi ya fisi. Akaishika ile ngozi muda mrefu, kisha akaniangalia, akauliza, "Wewe ulipita na hii?" Nikasema hapana. Akaiweka chini bila kuivaa. Ameziacha zote chini ya mti.

Hakusikiliza majina mwanzoni, kwa hivyo amekwama kwa mlinzi wa pili, wanampiga mawe mpaka Shamim anafumba macho. Ananisihi nimwambie. Nimekataa, nimemwambia arudi kijijini akawaulize watu wenyewe. Ananitukana kwa lugha yake, halafu anarudi kuuliza.

Kwa hivyo mwanamke wa watu yuko katikati ya njia na mikono mitupu. Ukiiondoa leo, mimi nitamwambia apitie wapi?

Washa simu. Oga. Krismasi uje na sweta, viazi vitakuwa tayari, na safari hii vitachimbwa wakati wake.

Ni mimi, shosho wako, Nyambura wa kwanza.