Sinema ya Mjomba Uliyoikana Redioni

Kuluba, Koboko
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Afedra,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko Nairobi? Na mgongo wako, bado unakusumbua kwa kukaa kitini kutwa? Sisi huku tuko wazima. Mvua imenyesha vizuri, muhogo umesimama, na Mama anakula bila kubembelezwa.

Mjomba Kasimiro naye hana ugonjwa wa mwili. Roho yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa kuwa simu zangu huzipokei, barua hii naipa Annet, anayepanda basi la Nairobi kesho. Usimwambie eti ulikuwa na kazi nyingi.

Sinema yako imefika. Théodore, yule Mkongomani anayewawekea watu sinema kwenye flashi sokoni Arua, aliipata kabla ya wengine wote. Sasa hata vijana wa bodaboda wa Ayivu wanaibishania wakisubiri abiria. Wageni wa angani wanaanguka na chombo chao katika shamba la muhogo la Kuluba! Watu wamefurahi kuona mawe yetu na barabara yetu, na mimi nilitokwa na machozi nilipoona mlima wetu mkubwa hivyo ukutani.

Lakini tuliyoiona ilikuwa ile fupi, iliyokatwa na tajiri wako aliyetoa fedha. Mwishoni askari wanakuja na magari, wanawamaliza wageni wote, moto, muziki, kwisha. Nilikaa kwenye benchi nimejishika mdomo. Mimi na wewe tunajua hadithi ya Mjomba inavyokwisha. Alitusimulia tulipokuwa wakimbizi upande wa Kongo, wewe ukisinzia mapajani mwangu, na tuliporudi nyumbani akaendelea kuisimulia. Wageni wanapewa majembe na kipande cha shamba. Wanalima vibaya, watu wanawacheka, na mwaka unaofuata wanamletea mwenye shamba maharage yao ya kwanza. Basi. Hakuna risasi hata moja.

Kwa hiyo najua kwa nini ulikasirika, ukaliondoa jina lako, wakaandika jina la kubuni, la mtu ambaye hayupo duniani. Hapo niko upande wako kabisa. Kilichonikera mimi ni redio. Ulikaa pale ukatamka, "Hiyo sinema si yangu, mimi simo," na Mjomba alikuwa na redio yake sikioni kama kawaida yake. Tangu siku hiyo hasimulii kitu, hata wajukuu wakimwomba. Nilipombana alisema maneno haya tu: "Hii hadithi ni mimi natoa. Kama yeye nasema si yake, basi mimi pia iko mutu ya kando."

Unaona ulichofanya? Huko kwenu mtengeneza sinema akiikana kazi yake, wenzake wanamsifu kwamba ana msimamo. Huku kwetu mtu akisema mbele ya watu kwamba kitu fulani si chake, amevunja undugu. Mjomba hajui habari za tajiri wala mikataba. Alichosikia ni mtoto aliyemlea akimkana mchana kweupe.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia ziko sinema mbili, ile fupi waliyoikatakata wao na ile ndefu uliyoipanga wewe mwenyewe. Akaniuliza inawezekanaje mtu apige picha mara moja, zitoke sinema mbili zinazogombana.

Kisha hiyo ndefu nayo ikafika Arua. Théodore anasema imetoka kwa rafiki wa rafiki yako. Mimi sitaki kujua zaidi. Mabishano yakazidi. Théodore na wenzake wanasema ndefu ndiyo sinema, fupi ni takataka. Watu wa bodaboda wanasema ndefu inalaza, jembe linapanda na kushuka mpaka mtu anakoroma. Mdogo wangu, usinune, lakini hapo wana haki. Sisi tunalima kila siku, hatuna haja ya kulipa kiingilio ili tutazame kulima. Punguza. Lakini yale maharage ya mwisho, ulivyoyaonyesha kwenye viganja vya yule mwanamke, loo! Hapo hadithi umeitendea haki.

Sasa nikupe ya Sule. Unamjua, ndiye vijei wa kibanda cha video hapa Koboko, anayeshika maikrofoni na kuwatafsiria watu sinema huku akitia chumvi zake. Juzi Jumamosi mchana aliweka ile fupi, kwa sababu ndiyo wateja wanayoitaka. Nikamwambia Mjomba twende. Akakataa. Nikamgombeza mpaka akavaa koti.

Mambo yalikwenda sawa mpaka askari walipotokea. Wanafyatua bunduki, na Sule anasema nini? "Watu ya Kuluba, musiogope! Hii iko fataki ya kukaribisha wageni!" Wageni wanaanguka chini. "Ona, safari nachokesha wao. Nalala kidogo, kesho nalima!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Sule alikulia jirani na Mjomba, hadithi anaijua tangu utoto, na hakukubali iishe vibaya mbele ya mwenyewe. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi, jamani, nilikuwa sijakisikia kicheko kile siku nyingi.

Halafu majina yakaanza kupita. Unajua kwetu hakuna anayeyasoma. Vijei ndiye anayewatangazia watu sinema ni ya nani. Sule akamgeukia Mjomba, akamsogezea maikrofoni. "Mzee, hii sinema iko ya nani?"

Niliingiwa na hofu kwelikweli, maana kama angejibu tu kwamba hajui, mambo yangekuwa yamekwisha kati yenu, na ushahidi wa kibanda kizima.

Mjomba akasimama. "Iko ya Afedra," alisema. "Mutoto ya dada yangu. Yeye nakataa. Mimi nakubali."

Afedra, mzee amekupokea wewe pamoja na askari wako, risasi zako na mwisho ule mbaya. Kwa hiyo usinipigie mimi, mpigie yeye. Usimweleze habari za tajiri, atachoka. Mwambie tu kwamba hadithi ni yenu, yake na yako, halafu nyamaza umsikilize.

Nisalimie wifi yangu Christelle, na Enoch, mwambie shangazi yake anamtaka Desemba aje ale muhogo mpya. Mama anakusalimu sana, na Théodore anasema ukifika Arua ana maswali ya kukuuliza. Mungu akulinde safarini na kazini, na akilainishe hicho kichwa chako kigumu.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Mindra

Nimekumbuka jambo moja. Simu ya Mama anayo Mjomba. Aliichukua Jumamosi tulipotoka kibandani, akaitia kwenye mfuko wa koti, na hataki kuirudisha. Leo asubuhi alinipa niitazame kama ina chaji.